Andika Navvy

Louth, Lincolnshire
3 Februari 1890

Baba mpendwa,

Habari ni moja na ni kubwa. Wilfred Pask amenichumbia na nimekubali. Ni wale Pask wenye duka la vitambaa pale sokoni. Harusi ni Jumamosi, tarehe 26 Aprili. Mama mdogo Mercy tangu juzi analia, halafu anacheka, halafu anaunguza mkate.

Kuna jambo, Baba, naomba usikasirike. Jumapili nilialikwa kwao kula. Mzee Pask akaniuliza, "Na baba yako, binti, ana shughuli gani huko kwenye mfereji wa meli?" Kabla sijafungua mdomo Mama Pask akadakia, "Mradi si navvy! Wale wachimbaji wa reli walipopita hapa hawakuacha kuku wala binti salama." Meza nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu nikasema wewe ni msimamizi wa kazi.

Neno limeshatoka, siwezi kulirudisha. Wilfred anaujua ukweli, ila anamwogopa mama yake. Anaye mtu wa kukuazima suti nyeusi. Basi ukija, lile koti la mahameli liache huko kambini, na kile kitambaa chekundu cha shingoni pia. Na ukiulizwa kazi, sema msimamizi. Ni siku moja tu, Baba. Baada ya hapo uwe utakavyo.

Mwanao,
Kezia


Kambi ya mfereji, Latchford
12 Februari 1890

Kezia mama,

Nimefurahi. Kijana sijamwona, lakini wewe si mjinga, kwa hiyo yeye naye atakuwa ana kitu.

Barua yako imechelewa kwa sababu uliandika Jabez Thorley. Hapa hakuna Jabez Thorley. Kila mtu ana jina la kambini. Yuko Askofu, yuko Shati Moja, yuko Msumari. Mimi nimetoka Lincoln, naitwa Lincoln. Hata daftari la nyapara linasema Lincoln. Siku nyingine andika hivyo, banda la Mama Tunnicliffe, ndiye anayetupikia.

Suti siazimi. Msimamizi hapa tunaye. Ndiye nyapara. Anashinda na saa mkononi kama vile wakati ni wa mama yake. Sitaki kuitwa yeye hata kwa siku moja.

Mimi ni navvy. Neno hilo ulilisikia tangu ulipokuwa tumboni, nikadhani unajua lilikotoka. Naona hujui. Kaa chini nikwambie.

Zamani hakukuwa na reli. Mzigo mzito ulipita majini. Mto ulipoishia, watu walichimba njia ya maji katikati ya nchi kavu, wakapandisha mashua kilimani na kuzishusha upande wa pili. Ile njia waliiita navigation, maana yake njia ya kusafirisha vyombo. Aliyeichimba wakamwita navigator. Ni jina lilelile la yule bwana wa baharini mwenye ramani, anayejua pa kuipeleka meli. Babu yangu aliitwa hivyo. Hakuwa na ramani, alikuwa na koleo. Lakini meli ilipita pale alipotaka yeye.

Mtu aliyeshika koleo hana nafasi ya maneno marefu. Likakatwa, likawa navvy. Babu alichimba mifereji. Baba yangu alichimba reli, na reli haina maji, lakini jina lilimfuata. Mimi nilianza kwenye reli, sasa nimerudi kwenye maji. Siku ile mfereji huu utakapofunguliwa, meli za bahari kuu zitaingia mpaka Manchester, mji usiojua hata harufu ya bahari. Hiyo ndiyo kazi ya baba yako.

Na si kila mwenye koleo anaitwa hivyo. Mtu wa shambani akija hapa, ana mikono, ana mabega, saa tisa mchana amelala chali kwenye tope anamwita mama yake. Tunamwita mtu wa shambani. Unampita mwaka mzima, kula nyama, kuchimba, kula nyama, kuchimba. Siku moja wenzake wanamwita navvy bila kufikiri. Hakuna anayempongeza. Lakini usiku ule halali kwa furaha. Mimi sikulala.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Usinune, tumebanana humu kama dagaa, hakuna siri. Mama Tunnicliffe amesema mwambie huyo mwenye duka kuku wake alikuwa mgumu, alimla yeye mwenyewe.

Nikija nakuja na koti la mahameli. Bila hivyo siji.

Baba yako

Bwana Lusby wa misheni ndiye aliyenifundisha kuandika. Herufi mbaya mlaumu yeye.


Louth
16 Februari 1890

Baba,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Historia nzuri. Lakini Mama Pask hatakula historia, na mimi ndiye nitakayeishi naye nyumba moja.

Uliwasomea watu wa banda? Barua yangu? Wakacheka na kuku wao?

Unasema jina, jina. Tangu Mama afariki kazi yako imekuwa kuhama na koleo lako, huku mwaka huu, kule mwaka ujao. Mimi nimekaa hapa na Mama mdogo nikishona kofia za watu, nikijibu wanaouliza, "Baba yako yuko wapi siku hizi?" Nimejibu vizuri miaka yote hiyo. Leo nakuomba siku moja, unaniambia nikae chini unifundishe.

Basi usije. Mjomba Josiah, nduguye Mzee Pask, amekubali kunipeleka kanisani. Ana suti yake.

Kezia


Latchford
20 Februari

Kezia,

Nimepata. Sawa. Bwana mwenye suti na akupeleke.

Usiandike huku tena. Naondoka.

Baba yako


Chumba cha misheni, Latchford
10 Machi 1890

Binti Kezia Thorley,

Hatujaonana, lakini nakujua. Mimi ni Ephraim Lusby, mhubiri wa misheni hapa kambini. Baba yako alikaa kwenye benchi langu msimu mzima akijifunza kuandika, na jina la kwanza alilotaka kuliandika lilikuwa lako. Aliivunja kalamu kwa kuikaza. Alisema ni nyepesi mno, haina mpini.

Sijui niliandike vipi hili. Ijumaa iliyopita, baada ya mvua ya siku nyingi, ukingo wa mfereji upande wa daraja uliporomoka. Wote walitoka isipokuwa mmoja. Walikuja kuniambia ni Lincoln.

Mimi nimelala na homa tangu katikati ya Februari, na siku ya maziko sikuweza kusimama. Lakini nilitazama dirishani kutoka kitandani. Navvy wote waliacha kazi. Walivaa nguo zao za sikukuu, makoti ya mahameli na fulana za rangi zote, wakafunga utepe mweupe mkononi, wakampeleka kanisani kwa miguu, wawili wawili. Mstari ulipita chini ya dirisha langu mpaka nikadhani hautaisha. Nilisikia viatu tu. Jeneza walikuwa wamelifunga mapema, kwa namna udongo ulivyomwumiza.

Mama Tunnicliffe amenieleza kwamba baba yako aliondoka bandani kwake alfajiri moja mwezi uliopita bila kuaga, na wao walijua amehamia genge la darajani. Huko ndiko mauti yalikomkuta.

Wenzake wamechonga ubao wa kuweka kaburini. Nimeona aibu kugundua kwamba kambi nzima hii haina anayelijua jina lake kamili, isipokuwa mimi kwa kupitia barua zako. Hata hivyo sitaki kuandika kitu bila ruhusa yako. Nijulishe unataka ubao useme nini.

Katika huzuni pamoja nawe,
Ephraim Lusby


Louth
13 Machi 1890

Bwana Lusby,

Nashukuru kwa barua yako.

Jana nilikwenda kwa wakwe zangu kuwaambia. Walinipokea vizuri. Mama Pask alinishika mkono, akanivutia kiti mezani, karibu na moto. Mzee Pask alisema, "Pole sana, binti. Yule mhubiri mwambie aandike 'msimamizi wa ujenzi'. Inapendeza kwenye ubao."

Nikasema, "Hakuwa msimamizi."

"Alikuwa nani basi?"

"Navvy. Mlicheka hapa mezani mkisema habari za navvy, nami nikacheka nanyi, nikawadanganya. Baba yangu alikuwa navvy, na baba yake, na babu yake."

Mama Pask akauweka uma chini. "Kwa hiyo ulikuwa unatuchezea?"

"Nilikuwa namwonea haya. Kwako si mchezo, kwangu si mchezo."

Basi, Bwana Lusby, nikawaeleza neno lilikotoka, kama alivyonieleza yeye. Njia ya maji, vyombo, babu yake asiye na ramani. Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama. Niliwaambia kwamba nilipokuwa mdogo, kabla Mama hajafa, Baba alinibeba begani mpaka juu ya daraja moja la reli. Treni ikapita chini yetu, moshi ukatufunika, nikalia. Moshi ulipotawanyika akanionyesha kwa kidole. "Hapo inapopita palikuwa kilima." Hakusema neno lingine. Tukarudi nyumbani kula. Ni leo tu ndipo nimeelewa kwamba alikuwa ananionyesha mali yake.

Wilfred akatoka nje. Nikajua yamekwisha, nikavaa kofia yangu. Lakini alirudi na utepe mweusi kutoka dukani kwao, akajifunga mkononi mbele ya mama yake, akanisindikiza nyumbani.

Barua ya mwisho aliyoipata baba kwangu ilimwambia asije harusini. Hilo ni langu, sikuombi uniondolee.

Ubao uandike hivi: Jabez Thorley. Chini yake: Navvy. Neno lote, kwa herufi kubwa kama za jina. Usilipambe, wala usilifiche chini ya majani.

Kezia Thorley


Latchford
31 Machi 1890

Kezia mama,

Mimi sijafa.

Kaa kwanza ndipo uendelee.

Nilikwenda Yorkshire. Wanachimba bwawa kule milimani. Nikafanya kazi, lakini moyo ulikataa. Unachimba, unajenga ukuta, maji yanakuja, yanakaa. Hayaendi popote. Nikamuuliza nyapara, "Haya maji safari yake wapi?" Akasema, "Kwenye birika za chai." Nikabeba koleo langu nikarudi.

Nimefika jana jioni. Nikaingia bandani, Mama Tunnicliffe anakoroga chungu. Akageuka. Mwiko ukaruka.

"Toka! Toka, shetani! Tumeshakuzika!"

"Mmenizika wapi?"

"Kanisani! Na nililia! Na nilinunua utepe!"

Msumari akachupa kitandani kwake na suruali ikiwa mguu mmoja tu, akanishika pua. Alitaka kuona kama kuna pumzi. Nikampiga kofi. Akasema, "Ni yeye."

Sasa nimeelewa ilivyokuwa. Nilipoondoka sikuaga. Sisi hatuagi, koleo likishatoka mlangoni umeaga. Wakasema nimehamia daraja. Siku chache baadaye akaja mtu mwingine kwenye genge la darajani. Naye katoka Lincoln. Watamwitaje? Lincoln. Ukingo ukamwangukia. Habari ikakimbia kambini, Lincoln kafa. Genge lao likamzika Lincoln wao, banda letu likamzika Lincoln wetu. Kaburi moja, mtu mmoja, na kila upande ukilia wake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana hakukuwa na la kuuliza.

Asubuhi hii nilikwenda kuona. Ubao mzuri, mti mgumu. Nasoma polepole, unajua. Nikaanza J. Nikaendelea. Nywele zikanisimama, si uongo. Si kila mtu anajisoma yuko chini.

Halafu nikafika mstari wa pili.

Nikamfuata Lusby. Alikuwa anakunywa uji wa wagonjwa. Aliponiona uji ukamwingia puani. Alipopata pumzi nikamuuliza, "Nani kaandika lile neno la chini? Wewe? Unanicheka?"

"Binti yako."

"Binti yangu halitaki neno hilo."

Akafungua sanduku, akanisomea barua yako. Yote. Mpaka kilima. Sikujua kwamba unakikumbuka.

Nilitoka nje nikachimba mpaka jioni. Leo si zamu yangu, hakuna aliyenilipa. Nyapara akasema, "Lincoln, umerudi kutoka kuzimu na wazimu?" Nikamuuliza, akifa, bintiye ataandika nini ubaoni. Bintiye hana la kusema juu yake isipokuwa kwamba ana saa.

Niambie mambo ya huko yamekuwaje. Waliposikia navvy, wamekufukuza? Wakikufukuza niambie. Nitakuja kukuchukua, na si peke yangu.

Baba yako
Jabez Thorley
(mzima)


Louth
3 Aprili 1890

Baba! Baba wewe!

Mtu gani anaandika "Mimi sijafa" kama anayeagiza misumari? Nimeisoma barabarani mbele ya posta, nikapiga ukelele, mwenye punda akadhani punda wake amenikanyaga. Mama mdogo Mercy alipoisoma aliketi sakafuni. Kiti kilikuwepo.

Nimekukasirikia. Nimevaa nyeusi wiki tatu. Mji mzima umenipa pole. Padri ameshakuombea. Mama Pask alileta paja zima la nguruwe la matanga, na tumelila, hatuwezi kulirudisha. Na siku zote hizo wewe uko Yorkshire unagombana na bwawa!

Sasa sikiliza, maana kuna mambo.

Walipodhani umekufa, walikuwa wazuri. Navvy aliyekufa hawasumbui. Mama Pask hata alimwambia jirani, nikiwa nasikia, "Baba wa mkwe wangu alikuwa mchimbaji wa ile mifereji mikubwa, jina lao linatokana na mabaharia." Si kweli hasa, lakini nilimwacha.

Jana nikaenda kuwaambia uko hai. Wakafurahi. Wakasema Mungu mkubwa. Halafu Mama Pask akawa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua.

"Sasa," akasema, "huyu baba yako mzima. Kanisani atakaa wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Atanipeleka mpaka mbele, akishanitoa atakaa benchi la kwanza. Upande wangu."

"Na lile koti?"

"Na lile koti."

"Kezia, mwanangu, mimi nina wateja. Mke wa daktari atakuwepo."

"Atamwona vizuri, basi."

"Na akija na wenzake?"

"Wakija tutasogea."

Akamgeukia Wilfred. "Wewe, Wilfred, huna la kusema?" Wilfred alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Baba, yule kijana hajawahi kubishana na mama yake hata juu ya chumvi. Akasema, "Mama, asipokuja yeye, siji mimi."

Mzee Pask akacheka mpaka akakohoa. "Mama Wilfred, kila jora la kitambaa dukani kwako limekuja kwa treni. Unadhani reli iliota? Mpe mtu benchi."

Mjomba Josiah ameshanunua glavu mpya kwa ajili ya kunipeleka. Amenuna. Nimemwambia azivae hivyohivyo, akiwa ameketi.

Kwa hiyo nakuomba tena, na safari hii nakuomba vizuri. Njoo. Tarehe ileile. Padri wetu ana kitabu cha ndoa, na humo kuna mahali pa kuandika kazi ya baba wa bibi harusi. Alishaniuliza. Nimemwambia. Akaniuliza kama nina hakika, nikamtajia herufi moja moja.

Ila kuna kitu kinaniuma. Yule mtu aliye chini ya ubao wako. Ana watu wake mahali. Amelala na jina lisilo lake kwa sababu yangu. Mtafanyaje?

Mwanao asiyekuwa tena na nyeusi,
Kezia


Latchford
13 Aprili 1890

Kezia mama,

Nitakuja. Ijumaa jioni, mkesha wa harusi, nitakuwa kwa Mercy. Mwambie asiunguze kitu.

Wilfred mwambie nimesikia alichosema. Asiongeze, asipunguze.

Wenzangu wanne wanakuja nami. Mama Tunnicliffe naye. Anasema alilia bure, lazima alipwe keki. Mwandalie Mama Pask habari hii kidogo kidogo. Hawaibi kuku siku ya Jumamosi.

Sasa la yule mtu.

Tumemtafutia jina. Lusby ameandika barua kwa mapadri wa Lincoln, hapana. Tumeuliza genge lake, mabanda yote, mpaka muuza bia. Alikuja na koleo na kifurushi cha nguo. Hakutaja mke, hakutaja kijiji. Hatukumuuliza, maana hatuulizani. Lusby kanikemea sana juu ya desturi hiyo. Nimemwacha akeme. Ana haki.

Akasema, "Basi tukwangue ubao wote, tuandike 'Anajulikana na Mungu'."

Nikasema ngoja.

Jina ni langu, nitaliondoa. Lakini lile neno la chini si langu peke yangu. Siwezi kulichukua kama ni lake. Wala siwezi kumwachia kama si lake. Wewe ulilisema mbele ya wakwe zako, umelilipia. Si la kumpa mtu yeyote kwa sababu kafa.

Nikaenda darajani. Genge lao walikuwa wanakula. Namjua mkubwa wao, anaitwa Askofu, mdomo wake si wa kiaskofu.

Nikamwambia, "Huyo Lincoln wenu. Alikuwa navvy, au mtu wa shambani aliyeshika koleo?"

"Marehemu unamuulizia maswali hayo? Huna haya?"

"Ubao una neno. Silitoi hivihivi."

Wote wakaacha kutafuna. Hilo wanalielewa. Wakaanza kuangaliana.

Mmoja akasema alikula vizuri. Askofu akamwambia, "Hata nguruwe anakula vizuri, kaa kimya."

Halafu Askofu akafuta mdomo, akaniambia hivi. Siku yake ya kwanza walimpeleka kupandisha matoroli. Unajua ile kazi. Hujui, nitakwambia. Ukingo umesimama kama ukuta. Ubao mmoja mwembamba umelazwa kutoka chini hadi juu, una tope. Toroli limejaa. Juu kuna farasi anavuta kamba, wewe uko nyuma ya toroli unalisimamisha tu, miguu inatembea ukutani. Farasi akiteleza, kamba inalegea, na mzigo wote unakuja kifuani kwako. Mtu wa shambani hulikumbatia toroli. Ndivyo wanavyokufa.

"Siku ileile ya kwanza," Askofu akasema, "farasi akateleza. Kamba ikalegea. Yule jamaa akalisukuma toroli kushoto, yeye akaruka kulia, akashuka na tope mpaka chini amekaa kama mfalme. Hakupiga hata kelele."

"Halafu?"

"Halafu akapangusa suruali, akamwambia mwenye farasi tusi moja la Lincoln ambalo sijawahi kulisikia, akajaza toroli, akapanda tena."

"Yuleyule?"

"Ubao uleule."

Nikawauliza na siku ukingo ulipoanguka. Shati Moja ndiye aliyejibu. Alisema yule Lincoln aliusikia udongo kabla yao. Udongo unasema kitu kabla haujaanguka, kama mtu anayevuta pumzi, na mgeni haujui. Yeye aliujua. Alipiga ukelele, wakakimbia. Alikuwa wa mwisho kwa sababu aligeuka kuhesabu vichwa.

Sikuuliza tena. Niliketi nikala nao, walinipa nyama, ilikuwa imeungua.

Jioni nikaenda kanisani na kisu na jiwe la kusugulia. Lusby alipaka rangi kwa moyo wote, ilikuwa nene. Nilikwangua Jabez. Nilikwangua Thorley. Kazi ngumu kujifuta. Askofu na genge lake walisimama nyuma yangu na kofia mkononi, hakuna aliyenisaidia, na nisingekubali.

Msumari alitaka tuandike Lincoln pale juu. Nikamwambia jina hilo limeshatuzika vibaya mara moja, linatosha.

Neno la chini sikuligusa. Nililipaka rangi upya tu, kwa mkono wangu, herufi zimekaa upande kidogo. Nilipomaliza Askofu akalisoma kwa sauti, akakohoa, akasema, "Sawasawa." Kisha wakaenda zao, maana asubuhi kulikuwa na kazi.

Jina langu nimeondoka nalo. Nitalihitaji tarehe ishirini na sita, padri atakapouliza ni nani anayemtoa binti huyu.

Baba yako
Jabez Thorley, navvy